Neno la Kusema Mlangoni: Safari ya Pango la Barafu

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi, Moshi)



Katibu wetu aliponiandikia barua ya kunitaka niseme nanyi jioni hii, alinipa ruhusa ya kuchagua habari niipendayo, kisha akaongeza kwa mkono wake mwenyewe chini ya barua, "lakini isiwe pensheni." Basi nimetii. Sitasema habari za pensheni, wala za vyeo, wala za nyumba za watumishi. Nataka kuwasimulia safari ya siku moja niliyokwenda katika nchi ya Austria, kuingia ndani ya mlima ambao tumbo lake limejaa barafu. Nanyi mkinivumilia hata mwisho, mtaona ya kuwa mlima ule hauko mbali sana na meza zetu za kazi.

Nalikuwa nimepelekwa mafunzo ya majuma sita katika mji wa Salzburg. Katika darasa letu tulikuwa Watanzania wawili tu: mimi, na mtumishi mwenzangu wa idara nyingine, mwanamke wa Tanga, mwenye umri wa binti yangu mkubwa. Kwa adabu yake aliniita Baba, naye kila asubuhi hakukosa kuniamkia kama tulivyo kwetu. Mwisho wa juma la tatu tulitangaziwa ya kuwa siku ya Jumamosi apendaye aweza kwenda kulitazama pango la barafu liitwalo Eisriesenwelt, karibu na mji mdogo wa Werfen. Maana ya jina hilo ni Dunia ya Majitu ya Barafu. Mimi nalikuwa wa kwanza kuandika jina langu.

Kabla sijaendelea, yanipasa niseme jambo ambalo siku ile sikulisema. Goti langu la kulia ni bovu. Naliumia zamani nikishuka katika lori la kazi, na tangu hapo goti hilo hukubali kupanda, lakini kushuka hukataa. Wengi wenu mmeniona nikishuka ngazi za jengo letu upande upande kama kaa wa pwani, nanyi kwa heshima yenu mmejifanya hamkuona.

Basi siku ya Jumamosi tulipanda treni asubuhi. Reli hufuata mto Salzach kuelekea kusini, na milima husogea karibu kila upande hata abiria huona kama atapita katika mlango. Huko Werfen, juu ya kilima kimoja, iko ngome ya kale iitwayo Hohenwerfen, iliyoanza kujengwa mwaka 1077. Kutoka mjini basi dogo lilitupandisha kwa njia ya mwinuko mkali. Kisha tukaenda kwa miguu, kisha tukaingia katika kibanda kinachovutwa kwa waya mnene juu ya bonde. Kibanda hicho kiliwekwa mwaka 1955, na kwa dakika chache humpandisha mtu mahali ambapo zamani alipanda kwa muda wa saa moja na nusu. Baada ya hapo tulitembea tena katika njia iliyochongwa ubavuni mwa mlima, hata tukafika mlangoni mwa pango. Mahali hapo ni mita 1,641 juu ya bahari. Kwa kipimo cha Kibo yetu hilo ni jambo dogo, walakini chini ya miguu yetu bonde lilikuwa refu, na ile ngome tuliyoitazama juu asubuhi sasa ilikuwa chini kama kiberiti kilichoanguka.

Labda mwauliza, barafu hukaaje ndani ya mlima wakati wa kiangazi, nje watu wakiwa wametoa makoti yao? Nami naliuliza, na jibu lake ni zuri. Mlima ule ni wa mawe ya chokaa, nao una matundu na nyufa nyingi kutoka chini hata juu, mfano wa dohani ya jiko. Wakati wa baridi hewa iliyomo ndani ya mlima huwa na joto kidogo kuliko hewa ya nje. Basi hupanda na kutokea matundu ya juu, na hewa kali ya nje huvutwa kuingia kwa mlango wa chini, ikazipoza kuta za mawe sehemu ile iliyo karibu na mlango. Theluji ya juu ikianza kuyeyuka katika majira ya kuchipua, maji hupenya katika nyufa, yakifika penye kuta zile huganda. Kiangazi kikifika mambo hugeuka: hewa ya ndani ni baridi na nzito, nayo huteremka na kutoka nje kwa mlango ule ule wa chini. Ndiyo maana pango hilo, ambalo urefu wake uliopimwa ni kilometa 42 na zaidi, lina barafu katika kilometa ya kwanza tu. Mbele ya hapo ni mawe matupu. Hata hivyo huhesabiwa kuwa pango kubwa la barafu kuliko yote yajulikanayo duniani.

Kiongozi wetu alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye koti zito. Aligawa taa, taa moja kwa watu kadhaa. Ndani ya pango hakuna umeme. Taa zile ni za kabaidi: maji hudondoka juu ya jiwe la kabaidi, likatoa hewa iwakayo. Wazee wetu waliopanda baiskeli zamani walizijua taa za namna hiyo. Alitukataza kupiga picha. Kisha akasimama mbele ya mlango akasema maneno ambayo tangu siku ile hayajanitoka masikioni.

Alisema, "Mabwana na Mabibi, ndani mna vidato mia saba vya kupanda na mia saba vya kushuka. Tutakaa ndani zaidi ya saa moja. Tukiisha kuingia twaenda pamoja, na hapana mtu atakayerudi peke yake. Aliye na maradhi ya moyo, au ya pumzi, au ya magoti, na aniambie sasa, hapa mlangoni."

Yule binti wa Tanga alinitazama. Alikuwa ameniona nikishuka ngazi za bweni kwa majuma matatu. Akaninong'oneza, "Baba, mwambie habari za goti."

Nikamjibu, "Hapana neno, mwanangu."

Kwa nini nalijibu hivyo? Nimejiuliza mara nyingi. Katika kundi lile walikuwamo watu wa mataifa mengi, vijana na wazee, na bibi mmoja aliyenizidi umri kwa miaka mingi, naye amesimama wima. Naliona haya. Nalidhani nikisema nitaambiwa, "Wewe baki." Nalijiambia ya kuwa nimetoka katika nchi yenye Kilimanjaro, nitashindwaje na ngazi? Hayo ni maneno ya kiburi, na kiburi hakina goti.

Mlango ukafunguliwa. Upepo ulitoka kwa nguvu kama mtu aliyefungiwa siku nyingi, ukazima taa karibu zote kwa pigo moja. Tukaingia gizani tukishikana, mlango ukafungwa, upepo ukanyamaza, na kiongozi akaziwasha taa tena moja baada ya moja.

Mabwana na Mabibi, sina maneno ya kutosha ya kuwaeleza niliyoyaona. Mbele yetu ulisimama ukuta wa barafu, nasi tukaupanda kwa ngazi za mbao zilizojengwa ubavuni mwake. Kiongozi aliwasha kipande cha magnesiamu nyuma ya barafu, na mwanga mweupe ukapita ndani yake. Nikaona tabaka juu ya tabaka, za buluu na za kijani, kama kurasa za daftari lililofungwa. Kulikuwa na nguzo za barafu zilizosimama kama watu, na nyingine zilizoning'inia kutoka darini. Sauti tuliyoisikia ilikuwa ya viatu vyetu na ya maji yanayodondoka.

Hapo kiongozi alitusimulia historia. Mwaka 1879 mtu mmoja wa Salzburg, Anton von Posselt-Czorich, aliingia pangoni humo akaenda kadiri ya mita mia mbili. Alipofika penye ukuta wa barafu, hakuweza kuupanda. Akarudi. Lakini aliporudi aliandika habari zake na kuzichapisha, akieleza alichokiona na mahali alipokomea. Habari hizo zikasahauliwa miaka mingi. Kisha, katika miaka michache iliyotangulia Vita Kuu ya 1914, Alexander von Mörk na wenzake walizifuata, wakaenda wakachonga vidato katika barafu, wakaupita ukuta ule, wakaona vyumba vikubwa vilivyo nyuma yake. Mörk aliuawa vitani mwaka 1914. Majivu yake yamewekwa katika chombo ndani ya pango, katika ukumbi uitwao kwa jina lake, nasi tulipita mbele yake tukiwa kimya. Mwaka 1920 pango likafunguliwa kwa wageni.

Naomba mwangalie jambo moja, kwa kuwa ninyi ni watu wa kalamu na faili. Posselt hakuona haya kuandika, "Hapa ndipo nilipokomea." Kama angaliona haya na kunyamaza, wale waliomfuata wasingalijua pa kuanzia.

Tulipanda hata mwisho wa vidato. Goti lilikaa kimya, nami nikamtazama binti wa Tanga kama mtu aliyeshinda kesi. Kisha tukaanza kushuka.

Katika ngazi ya kwanza nalihisi maumivu. Katika ya pili nalishika kamba kwa mikono miwili. Kadiri ya katikati ya mteremko goti likakataa kabisa, likakunjika, nikaketi juu ya kidato chenye maji na barafu, nisiweze kwenda mbele wala kurudi nyuma. Ngazi ile ni nyembamba. Mbele yangu walikuwako watu wachache pamoja na kiongozi. Nyuma yangu, juu, lilisimama kundi lote lililobaki. Hapana aliyeweza kunipita. Baridi mle ndani ni ya barafu, na mtu akisimama bila kutembea huingia mifupani upesi. Mtoto mmoja akaanza kulia. Yule bibi mzee niliyemwonea haya alikuwa nyuma yangu hasa, nami nalisikia meno yake yakigongana.

Kiongozi aliwaweka walio mbele mahali salama, akapanda kunijia. Hakunikaripia. Aliuliza tu, "Ni goti gani?" Kisha akampa yule binti taa yake na kumtaka atangulie mbele yangu, mikono yangu miwili ikiwa juu ya mabega yake, naye mwenyewe akanishika mkanda kwa nyuma. Tukashuka hivyo, kidato kwa kidato. Binti alikuwa akihesabu kwa sauti kwa Kiswahili, moja, mbili, tatu, ili nijue lini nikanyage. Watu zaidi ya ishirini walitungoja kwenye baridi kwa ajili ya neno moja ambalo sikulisema.

Tulipotoka juani nalimwendea kiongozi kumwomba radhi. Alinijibu maneno haya: "Mzee, mimi sikatazi watu kwa sababu ya magoti. Kama ungaliniambia mlangoni, ningalikuweka nyuma yangu hasa, na kundi lote lingalikwenda kwa mwendo wako. Ungaliona yote uliyoyaona, na hapana ambaye angalipata baridi."

Mabwana na Mabibi, maneno hayo yaliniuma kuliko goti. Nalidhani nikisema kweli nitanyimwa safari. Kumbe kweli ingalinipa nafasi njema zaidi katika mstari, nyuma ya mwenye taa. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi naongeza ya kuwa mficha maradhi katika msafara huwaumiza na wasio wagonjwa.

Tukirudi katika treni binti alinisomea habari ambayo naona imetuhusu sana sisi wa Moshi. Yule Ludwig Purtscheller aliyepanda Kibo pamoja na Hans Meyer mwaka 1889 alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo katika mji ule ule wa Salzburg. Tarehe 3 Oktoba watu hao wawili walipanda wakikata vidato katika barafu, wakafika ukingoni mwa shimo la mlima, wakaona ya kuwa nguvu zimekwisha na saa zimepita. Wakarudi chini. Wakapumzika, na tarehe 6 Oktoba wakafika kileleni. Na katika siku hizo zote, kambi yao ya juu, kiasi cha mita 4,300, ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja wa pwani yetu, Mwini Amani wa Pangani. Yeye alikaa katika baridi ambayo hakuizoea, akalinda kambi, ili wale wakirudi wakute pa kurudia. Naona watatu hao walijua kipimo chao: wawili walijua saa ya kugeuka, na mmoja alijua mahali pake akapalinda.

Sasa nafika mahali ambapo nalitamani nisifike, lakini ndipo hasa nilipokusudia tangu mwanzo.

Miaka mingi iliyopita, katika ofisi moja ambayo sitaitaja, nalikuwa karani mkubwa wa ghala. Ikaletwa namna mpya ya kuandika vitabu vya vitu viingiavyo na vitokavyo. Tulifundishwa siku mbili. Mwisho wa siku ya pili mwalimu aliuliza, "Yuko asiyeelewa?" Mimi sikuwa nimeelewa. Namna ya kupeleka hesabu za ukurasa mmoja kwenda mwingine ilinipita kabisa. Lakini walikuwako vijana walio chini yangu, nami nikaona haya kuinua mkono mbele yao. Huo ndio ulikuwa mlango, nami nikaingia kimya.

Kwa miezi minne nalimwelekeza karani mdogo aandike kama nilivyodhani, nami nikatia sahihi. Wakaguzi walipokuja, hesabu hazikulingana na vitu. Hapana kitu kilichoibwa. Hesabu zilipelekwa vibaya tu. Ulipofanywa uchunguzi, mwandiko ulikuwa wa karani mdogo. Nikaulizwa kama nilimwonyesha kazi ipasavyo. Nikajibu kwamba nilimwonyesha. Yeye akapata barua ya onyo, na kupanda kwake cheo kukacheleweshwa miaka mitatu. Mimi nikahamishwa kwa heshima zote.

Naliyasahau hayo, au nalidhani nimeyasahau, hata siku nilipokaa juu ya kidato cha barafu nikisikia meno ya mtu mwingine yakigongana kwa kosa langu.

Niliporudi nyumbani nalifanya safari ya pili, fupi kuliko ile, na ngumu zaidi. Nalikwenda milima ya Upare, ambako karani yule amestaafu na analima tangawizi. Alinikaribisha vema, akanipa kiti, mkewe akaleta chai. Nikamweleza yote tangu mwanzo. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Kaka, nalijua tangu siku ile. Nalikuwa nangoja uje uniambie mwenyewe. Lakini umekawia sana."

Sikuwa na jibu, wala sina hata sasa. Miaka mitatu ya mshahara wake sitaweza kuirudisha. Niliyoweza kufanya nimefanya: nimeiandikia ofisi ile barua yenye sahihi yangu, kueleza kosa lilikuwa la nani, na kuomba iwekwe katika faili lake. Nimeandika mahali nilipokomea, kama alivyofanya yule Posselt, ingawa yeye aliandika mapema.

Bwana Mwenyekiti, nisingethubutu kuyasema haya kama ningedhani ni yangu peke yangu. Lakini katika kila ofisi kuna mtu ambaye goti lake ni bovu naye ananyamaza. Yuko asiyeielewa kompyuta mpya, naye humpa kijana neno lake la siri amfanyie kazi. Yuko aliyepewa madaraka ya fedha, naye hutia sahihi mahali anapoonyeshwa. Watu hao si wavivu wala si wezi. Wanaona haya tu. Na nyuma yao, juu ya ngazi nyembamba, umesimama mstari mrefu wa watu wanaongoja: mzee anayefuatilia mafao yake, mama anayetaka cheti cha mtoto, na karani mdogo mwenye mwandiko mzuri.

Kwa hiyo natoa shauri moja, nalo halihitaji fedha. Kila linapoletwa jambo jipya katika idara zetu, na sisi tulio wakubwa tuwe wa kwanza kuinua mkono na kusema, "Mimi sijaelewa, nieleze tena." Mkubwa akisema hivyo, vijana kumi watapata nafasi ya kuuliza bila haya. Na wale walio viongozi wasimdharau asemaye, bali wamweke karibu na taa.

Kesho asubuhi, wingu likiondoka, mtaiona Kibo. Barafu yake imepungua mno. Wapimaji wamesema ya kuwa kati ya mwaka 1912 na mwaka 2000 sehemu nane katika kumi zilitoweka. Lakini ile iliyobaki bado yatosha kutukumbusha. Mkiitazama, mkumbukeni Mwini Amani, na wale wawili waliogeuka tarehe 3 ili wafike tarehe 6. Na mkiniona nashuka ngazi za jengo hili usiku huu, msijifanye hamnioni. Nipeni bega.